Ukope

Nesi Restituta alivuta ukope wangu wa chini
kama mtu anayechungulia ndani ya mtungi,
akanyamaza.
Kisha akakigeuza kiganja changu kwenye mwanga wa dirisha.
"Butoyi, wewe si mkamua mawese wa Mwandiga?
Wekundu wote ule unaupeleka wapi,
mbona humu ndani hamna?"

Niliitazama mikono yangu.
Kwenye makunjo ya vidole, rangi ya chikichi
haitoki hata kwa sabuni ya mche.
Lakini katikati, viganja vyenyewe
vilikuwa rangi ya muhogo uliolowekwa.

Nane pointi moja.
Akaiandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu.
Nikasema, hata kalamu yako inanishinda damu.
Tukacheka,
na kicheko kikanimaliza pumzi.

Nilijua kabla ya mashine.
Nilijua nilipoanza kulamba ukuta wa jiko baada ya mvua,
nilipokuwa nikinunua vijiti vya udongo stendi
na kuvitafuna gizani, mama mkwe asisikie mlio.
Nilijua kile kilima cha kisimani
kilipoanza kurefuka kila asubuhi,
moyo ukidunda masikioni
kama mtu anatwanga nyumba ya pili.

Restituta alinieleza akipanga vidonge:
mimba ikiingia, mwili huongeza maji ya damu upesi,
kama mchuzi wageni wakiwa mlangoni.
Wekundu huja nyuma, polepole,
maana haupikwi moyoni kama tulivyodhani.
Unapikwa ndani ya mifupa,
kwenye uboho, ule ule tunaoufyonza kwenye supu,
na mpishi wake bila chuma hukaa mikono mitupu.
Chuma kilichopo, mtoto huchota kwanza.
Hapigi hodi.

"Chuma?" akauliza Gwimo, fundi baiskeli,
akizitazama spoku zake.
Alicheka peke yake.

Vidonge vilinivuruga tumbo,
choo kikawa cheusi kama masizi ya sufuria.
Nikavimeza kwa maji ya ndimu.
Chai nikaisogeza mbali na mlo,
chai, shoga yangu wa miaka yote.
Matembele. Maharage ya Kasulu. Dagaa na vichwa vyao.
Na asubuhi moja nikakuta ukuta wa jiko,
pale pale pangu pa kulamba,
umesiribwa upya kwa samadi.
Mama mkwe hakusema neno.
Alikuwa ananawa mikono.

Mwezi wa nane: tisa pointi tatu.
"Inapanda," Restituta alisema, "ila tafuteni mtu wa damu."

Bukuru akashuka kutoka Manyovu na basi la alfajiri,
pacha wangu, aliyenitangulia kwa dakika kumi
na hajaacha kunikumbusha.
"Tulishakunywa damu ya mama mmoja," alisema,
"wewe ukinywa nyingi."
Akalala pale Maweni, mkono kaunyoosha,
mfuko ukajaa taratibu,
mzito, kama mawese ya kwanza kabla ya kuchujwa.

Sikuuhitaji.
Usiku wangu ulipofika, damu yangu mwenyewe ilitosha,
kwa kubanabana, kama unga wa mwisho wa mwezi.
Mfuko wa Bukuru wakampa mwanamke kutoka Uvinza
aliyeletwa kwa pikipiki, kanga imeloa hadi kwenye siti.
Sikumwona uso.
Kulipokucha nilisikia tu, nyuma ya pazia,
mtu akiomba uji.

Sasa nimerudi kwenye kinu, mtoto mgongoni.
Jumapili huvuta ukope mbele ya kioo cha baiskeli,
Gwimo akiniuliza kama nimeingiwa na mdudu.

Na Bukuru, kila apitapo Uvinza,
huteremka basi likisimama,
akawatazama wauza chumvi mmoja mmoja,
mikono, mashavu, midomo,
mpaka utingo ampigie kelele.
Hununua chumvi asiyoihitaji.
Nyumbani kwake imejaa ndoo mbili.